Kiatu Kilichobaki Langoni

"Andika na kiatu," mkewe alisema.

Mwandishi aliinua vidole kutoka kwenye taipureta, akajifanya anaunyoosha utepe wa wino uliokuwa umenyooka tangu asubuhi. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka shingoni, na chumba chenyewe hakikuwa na joto la kumtoa mtu jasho.

"Kiatu tukiache," akasema.

"Tukiache kwa nini?"

"Tume ni watu wa sheria, mama watoto. Wanataka saa, tarehe, jina la mlinzi. Tukiwapelekea habari za viatu watasema tunawaliza kwa makusudi."

Mkewe alimtazama kama unavyomtazama muuza nyama anayekuambia leo usile nyama. Alikuwa na haki ya kushangaa. Huyu bwana kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa chini ya kibanda cha bati mbele ya ofisi za serikali, akiwaandikia barua wasiojua kuandika, na wale wanaojua kuandika lakini hawajui kulalamika. Kila mtu alijua msemo wake, kwamba ofisa akila ukweli mkavu humkwama kooni, lazima utie chumvi kidogo ndipo ateremshe. Na alitia kweli. Wajane wake walikuwa na watoto wengi kuliko waliowazaa, na wagonjwa wake walikuwa wamelazwa muda mrefu kuliko kadi zao zilivyosema. Leo mtu huyo huyo anaogopa machozi?

"Kiatu hukukitunga wewe," mkewe akasema. "Kilitokea. Kiandike."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, mama mkwe, yaani mama yake Mwandishi, alikohoa. Hakuwa mgonjwa. Kikohozi kile kilikuwa na maneno ndani yake, na mkewe Mwandishi alikuwa ameyasikia miaka miwili sasa. "Wengine wakiitwa huja." Bibi yule alikuwa akiyasema akichambua mchele, akayasema akianika nguo, na hakuwahi kumtaja mtu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kiwanda cha mashati alikofanya kazi mkewe kilikuwa na desturi ya kufunga lango zamu ikishaanza, na mtu haitwi nje mpaka karani wa zamu akubali. Miaka miwili iliyopita, saa saba mchana, jirani alifika langoni amembeba mtoto wao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, miaka minne, mwili unawaka moto. Mlinzi alisema ngojeni. Walingoja mpaka saa kumi. Mtoto alipoona watu wazima hawaelewani alivua kiatu chake kimoja akamnyooshea mlinzi dirishani, akasema, "Mpelekee Mama, atajua ni mimi." Mlinzi akakipokea. Saa kumi jirani alikata tamaa akamkimbiza mtoto hospitali peke yake, na mtoto hakuiona jioni. Mama yake alitoka saa kumi na mbili na wenzake, wakicheka jambo, akakiona kiatu cha mwanawe kiko juu ya kizingiti cha dirisha la mlinzi. Ndivyo alivyopata habari.

Alipokwenda kuuliza, msimamizi alimwambia imeandikwa kwenye kitabu cha lango kwamba aliitwa akakataa kutoka. Kitabu hakuonyeshwa. Mstari huo, ambao hakuwahi kuuona kwa macho yake, ulitoka kiwandani ukaingia mtaani, na kutoka mtaani ukapiga hodi nyumbani kwake. Watu wakaacha kumwita Mama Kitinda. Jirani aliyembeba mtoto alikwishahamia mbali kwa binti yake, na hata angekuwepo asingejua kilichosemwa ndani ya lango. Sasa mfanyakazi mwingine alikuwa ameumia nyuma ya lango lile lile, serikali ikaunda Tume, vitabu vyote vya kiwanda vikachukuliwa, na mwenye lalamiko akaambiwa alete kwa maandishi. Siku yake ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumanne.

"Mimi sitaki fidia," mkewe akasema, safari hii sauti imepanda ili ivuke pazia. "Nataka mstari ule ukatwe, na mimi niko pale nauona ukikatwa. Basi."

"Sawa. Kiatu nitakiandika."

"Na uandike kwamba siku ile mashine yangu ilikuwa imefunguliwa, vipande viko chini. Nilipelekwa stoo kukunja mashati. Stoo hakuja mtu kuniita, si mlinzi, si karani."

"Hayo ya mafundi yataichosha barua. Watasinzia. Nitaandika ulikuwa kazini, inatosha."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, baba watoto."

"Niachie kazi yangu, mke wangu. Wewe mashati, mimi barua."

Akaweka karatasi moja, bila kaboni, akaanza kupiga. Alipofika kwenye kiatu vidole vilikimbia vyenyewe, bila kusimama kutafuta neno, mpaka nukta. Alibadilisha mahali pamoja tu. Pale alipozoea kupiga "chekundu" alipiga "cha bluu."

"Hicho kipande umekiandika haraka," mkewe akasema. "Kama ulikuwa nacho tayari."

Mwandishi alichomoa karatasi, akaupuliza wino ambao haukuhitaji kupulizwa.

*

Kesho yake, kabla hajavuta kiti, mteja alikuwa anamsubiri. Fundi bomba, mikono imechubuka, bahasha ya notisi imekunjwa mara nne mfukoni. Alikuwa anatolewa kwenye chumba cha kampuni alichokaa miaka saba.

"Shikamoo, mzee. Nimeelekezwa kwako. Wewe ndiye mwenye ile barua ya kiatu?"

"Marahaba. Barua gani ya kiatu?"

"Ile ambapo mtoto anavua kiatu anasema mpelekeeni mkubwa wa hapa, ajue nje kuna mtoto. Shemeji yangu ulimwandikia, akaachiwa chumba. Nami nataka hiyo hiyo."

"Una mtoto?"

"Bado, mzee. Lakini si unaweka tu?"

Muuza stempu, mama mnene aliyekaa meza ya jirani na asiyepitwa na jambo, alicheka mpaka stempu zikamwanguka. "Mwekee, mzee! Mtoto yule hana ubaguzi, analala popote."

Mwandishi hakucheka. Mara ya kwanza kukitumia kiatu haikuwa kwa kupenda. Zilikuwa zimepita siku tisa tu tangu mazishi, amekaa kibandani kwa sababu nyumbani hakukaliki, akaja mwanamke mfagiaji anayefukuzwa nyumba, analia, na katika kulia kwake hana neno hata moja la kuandika. Yeye kichwani mwake hakikuwamo kitu kingine isipokuwa kiatu kile. Akakiandika. Mfagiaji akabaki na nyumba yake, akaja kumshukuru kwa kupiga magoti, na Mwandishi alirudi kwake siku ile na moyo mwepesi, akijiambia kumbe Kitinda amemfungulia mtu mlango. Angeishia hapo, labda Mungu angemwelewa. Lakini alikuja wa pili, akaja wa tatu ameelekezwa na wa pili. Wakati wote alikuwa akiandika chekundu, kwa sababu bluu ilikataa kutoka. Nakala zote alizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kama alivyohifadhi za kila mteja, zenye tarehe na namba. Za kiatu zilikuwa kumi na moja.

"Leo siandiki," akamwambia fundi bomba.

"Mzee, notisi yangu inaisha Ijumaa!"

"Njoo Ijumaa asubuhi. Leo siandiki."

Fundi bomba aliondoka akinung'unika. Muuza stempu akasogeza kiti, sauti imeshuka. "Eti kesho mkeo anasimama mbele ya Tume?"

"Ndiyo."

"Basi omba Mungu wako vizuri. Unamjua katibu wao? Ni Miwani, yule karani wa ofisi ya nyumba. Wamemwazima kwa kazi hii."

Mwandishi alikirudisha kiti nyuma. Miwani! Mtu aliyepokea barua zake miaka minane, akizigonga muhuri moja moja, na aliyewahi kumwambia kwa utani ngazini, "Bwana mkubwa, wewe na mtoto wako wa kiatu mtatuua kwa huzuni." Alidhani Tume ni watu wageni kutoka mbali. Alidhani kiatu kitasomwa mara moja na watu wasiokijua. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, naye alikuwa amefika mwisho wake na mkewe amembeba mgongoni.

Alifunga kibanda mapema, akatembea kwenda nyumbani akijisemesha. Atamwambia. Ataingia, atakaa, atamwambia mke wangu nilikosa, tuitoe ile sentensi, tuandike upya. Ni jambo la nusu saa.

Alimkuta amesimama mezani anapiga pasi gauni lake jeupe, lile lililokuwa limelala sandukuni miaka miwili. Alikuwa akiimba kwa chini. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, anamtazama bila kukohoa.

"Baba watoto," mkewe akasema, "nimeisoma tena barua. Nilidhani nitalia, sikulia. Imekaa sawasawa. Kiatu umekieleza kama ulikuwepo." Akainua uso. "Ahsante."

Mwandishi akakaa. Akasema chai iko wapi. Tuseme ukweli, alikuwa mwoga, na usiku ule alilala akiwa mwoga, na asubuhi akavaa koti lake la mikutano akiwa mwoga vilevile.

*

Ukumbi wa Tume ulikuwa na mabenchi marefu na feni mbili, moja ikizunguka. Mbele, nyuma ya meza, alikaa Mwenyekiti, jaji mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Kulia kwake Miwani, na mbele yao rundo la vitabu vya kiwanda vimefungwa kamba. Upande wa pili alikaa wakili wa kiwanda, na nyuma ya wakili watu wa ofisi, akiwemo karani wa zamu aliyekuwa akijifuta paji la uso. Wafanyakazi walijaa mpaka madirishani. Mama mkwe alikuja pia. Alikaa benchi la mwisho, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusikia hukumu ya nyumba yake.

Miwani aliisoma barua kwa sauti iliyonyooka. Jina la kiwanda, tarehe, saa saba, homa, lango. Kisha akasoma: "Mtoto alipoona watu wazima hawaelewani alivua kiatu chake kimoja cha bluu..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mheshimiwa," akamwambia Mwenyekiti, "samahani. Nilipoipokea barua hii leo asubuhi nilihisi kitu, nikaenda kwenye faili za ofisi yangu ya zamani. Naomba nisome vipande vinne."

Akasoma. Nyumba za reli, mtoto wa mfagiaji, alivua kiatu chake kimoja chekundu. Vyumba vya bohari, mtoto wa dereva, alivua kiatu chake kimoja chekundu. Alipofika cha nne, watu walikuwa wameanza kucheka, kwanza kwa kujificha, halafu waziwazi. Wakili wa kiwanda aliinuka nusu.

"Mheshimiwa, mtoto huyu ana viatu vingi kuliko mimi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka hata wafanyakazi wenzake, hata wale waliokuja kumtia moyo. Kicheko kikishaanza hakichagui. Mkewe Mwandishi hakuelewa mara moja. Alikuwa ametabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri aelezwe mzaha. Kisha akageuka, akamtafuta mumewe kwenye benchi, akamwona alivyoinamisha kichwa, akaelewa. Uso wake ulifungika. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti akagonga meza. "Aliyeandika barua hii yumo?"

Mwandishi akasimama.

"Hizi nne nazo ni zako?"

"Ni zangu, Mheshimiwa."

"Kiatu hiki ni cha kweli au ni cha kutunga?"

"Kwenye barua ya leo ni cha kweli. Kwenye zile nyingine nilikiazima."

"Ulikiazima kwa nani?"

Mwandishi akamtazama mkewe. "Kwa mwanangu, Mheshimiwa. Mtoto huyo ni wetu. Huyu aliyesimama ni mke wangu, na alikuwa hajui."

Kicheko kilikatika. Ukumbi uliguna, ule mguno wa watu wengi kwa pamoja. Miwani alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, akafunga faili.

"Na hao waliopewa nyumba kwa kiatu hiki?" wakili akadakia. "Tunaomba majina!"

"Majina sitoi," Mwandishi akasema. "Shida zao zilikuwa zao, za kweli. Cha uongo kilikuwa kiatu tu, na hicho ni dhambi yangu."

"Utakaa chini," Mwenyekiti akamwambia, na hakuinua sauti. "Na hutaandika tena barua yoyote ya kuletwa kwenye meza hii. Una bahati sina mamlaka ya zaidi."

Akakaa. Wakili hakusubiri. "Mheshimiwa, ushahidi wa mlalamikaji umejimaliza wenyewe. Sisi hatuna fasihi, tuna kitabu." Akaomba kitabu cha lango, kikafunguliwa kamba, akaweka kidole akasoma polepole ili kila mtu asikie: "Saa nane na dakika kumi. Mama wa mtoto ameitwa. Alikuwa akishona kwenye mashine yake namba sita. Amejibu, 'Nikisimamisha mashine, nani atanilipa?' Amekataa kutoka."

Kwenye benchi la mwisho, mama mkwe alifumba macho.

Mwandishi, pamoja na aibu yote iliyomjaa, alishtuka. Aliijua ladha ile. Mstari mzima wa kitabu cha lango huwa maneno mawili matatu, fulani kaingia, fulani katoka. Huu ulikuwa na mashine inayozunguka, ulikuwa na maneno ya mtu kinywani, ulikuwa na ile "yake" ya kukufanya uione. Mtu alikaa akaufikiria. Mtu alitia chumvi, na aliitia vizuri. Alitaka kuinuka apige kelele, lakini nani angemsikiliza sasa? Mwizi hapewi kazi ya kumtambua mwizi. Na papo hapo akakumbuka mashine iliyofunguliwa, vipande chini, stoo, na jinsi alivyosema hayo yataichosha barua. Akajiuma mkono ili asilie.

"Mheshimiwa," mkewe akasema. "Kiatu kifuteni."

"Unasema hakikuwa kweli?"

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyekikuta dirishani. Lakini kimeshachafuliwa, kifuteni. Naomba bwana asome tena huo mstari wa kitabu. Pale pa mashine."

Wakili akasoma tena, kwa furaha. "Kwenye mashine yake namba sita."

"Kiwandani wananiita Mama Sita," akasema. "Miaka tisa mashine moja. Mtu asiyekuja kunitazama, akitaka kuniandika, ataniandika kwenye sita. Lakini siku ile sita ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi, iko sakafuni vipande vipande. Nilikuwa stoo nakunja. Mafundi wana daftari lao. Kama mmelichukua, fungueni."

Karani wa zamu aliacha kujifuta uso.

Miwani alipekua rundo. Ilichukua muda kulipata. Lilikuwa daftari jembamba lenye alama za mafuta ya vidole. Akatafuta tarehe, akapeleka kidole chini, akasimama kusoma.

"Namba sita. Shafti imevunjika. Imefunguliwa saa mbili asubuhi, inasubiri kipuri. Imerudi kazini..." akageuza ukurasa, "baada ya siku tatu."

Mwenyekiti alichukua madaftari yote mawili akayaweka sambamba. Aliyasoma mwenyewe, bila haraka. Kisha akamtazama karani wa zamu, ambaye alikuwa ameshaanza kusema yeye aliandika alivyoambiwa, aliambiwa aandike, na wakili akamshika mkono anyamaze. Mwenyekiti akasema huyo ataitwa kwa kiapo saa nane mchana, na lango lenyewe litazungumzwa kwa siku yake. Halafu akamwita mlalamikaji asogee.

Akachukua kalamu ya wino mwekundu, akapiga mstari juu ya maneno ya kitabu cha lango, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akatia saini pembeni. Kwa kalamu ile ile akavuta barua iliyopigwa taipureta, akakata sentensi ya kiatu kama alivyoombwa, akatia saini pembeni vilevile.

"Umeona, mama?"

"Nimeona."

Aliona vyote viwili. Mwandishi, kutoka kwenye benchi, alimwona macho yake yalivyokaa zaidi kwenye karatasi ya pili.

*

Walirudi watatu, Mwandishi nyuma kama mzigo uliosahauliwa. Mtaani habari ilikuwa imewatangulia. Wengine walimpa mkewe pole na hongera kwa pumzi moja, na wengine walimtazama Mwandishi miguuni, kwenye viatu, wakageuka.

Nyumbani mama mkwe aliweka mkoba chini. Alisimama katikati ya chumba, mikono haina pa kwenda.

"Mama Kitinda," akasema.

Mkewe Mwandishi, aliyekuwa anafungua vifungo vya gauni jeupe, alitulia.

"Mama Kitinda, mwanangu, kaa. Leo maji nachota mimi." Akachukua ndoo. Mlangoni akageuka, midomo inamcheza. "Ulimi wangu huu... Nilimzaa yule pale, nikadhani najua anayesema kweli humu ndani." Akatoka haraka, na walimsikia akijigonga na ndoo ukutani.

Wakabaki wawili. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mpaka kwenye taipureta. Mwandishi alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri, na alipoyaangalia yote yalikuwa na chumvi. Akayaacha.

"Ngapi?" mkewe akauliza.

"Kumi na moja."

"Lete."

Alipiga magoti akavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Alidhani anataka kuzichoma, na alikuwa tayari kumshikia kiberiti. Alizitoa nakala kumi na moja, nyepesi, maandishi yake ya kaboni yamefifia kidogo, akaziweka mezani. Mkewe akavuta kiti, akazisoma. Alizisoma zote, kila moja kutoka tarehe mpaka saini, kidole kikifuata mstari. Wakati mwingine alitikisa kichwa. Mahali pamoja alisema, "Maskini, huyu mfagiaji," akaendelea. Mwandishi alisimama muda wote kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

Alipomaliza alizipanga, akaigeuza ya kwanza ikamtazama mumewe.

"Hapa umeandika chekundu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Bluu ilinishinda. Kila nikitaka kuipiga, namwona."

"Kilikuwa cha bluu."

"Najua, mama watoto."

"Unajua." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, lakini sauti haikuyumba. "Kwenye cheti cha kifo kiatu hakimo. Kwenye kitabu cha lango hakikuandikwa. Kwenye Tume nimekifuta mwenyewe, mbele ya watu, kwa sababu yako. Mwanangu alivua kiatu anipelekee habari, na duniani kote hakuna karatasi inayosema hivyo isipokuwa hizi zako za uongo. Basi angalau rangi iwe yake. Chukua kalamu."

"Hakuna atakayezisoma hizi."

"Nitazisoma mimi."

Mwandishi alikaa. Akachukua kalamu, akakata "chekundu," na juu yake, kwa mkono, kwa herufi alizojitahidi zisitetemeke, akaandika "cha bluu." Mkewe alisubiri wino ukauke.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukajidanganya."

"Najua."

"Na hii," akasema, akamsogezea ya pili.